Nilifunga choo, mwalimu akadai ufunguo

Safari hii hatuzungumzii balehe wala magonjwa ya ngono. Tunazungumzia ung'eng'e. Najua kuna mtu ameshaguna: "Jarida la afya na Kiingereza, wapi na wapi?" Ngoja kwanza nikupe kisa changu, halafu utaniambia mwenyewe kama mambo haya mawili hayahusiani.

Nilipoingia Kidato cha Kwanza, shule ya bweni, sheria ilikuwa moja: ukivuka geti ni Kiingereza tu. Ukikutwa unaongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni, na atakayekuwa na kibao jioni anakwenda kufyeka nyasi. Mimi nilitoka shule ya msingi ya serikali, ambako kwa miaka saba nilisoma kila kitu kwa Kiswahili. Kiingereza changu kilianzia "Good morning, teacher" na kikaishia hapo hapo.

Wiki ya pili tumbo likagoma. Ugali na maharage kila siku, maji ya kunywa kidogo, na vyoo ambavyo nilikuwa naona aibu kuviingia. Siku nne zikapita sijapata choo, tumbo gumu kama jiwe. Nikaamua kwenda kwa mwalimu wa zamu kuomba ruhusa ya zahanati. Njiani nikapanga sentensi yangu neno kwa neno. Nimefunga: "I have closed". Choo: "the toilet". Nilipofika mbele yake nikasimama wima, nikasema, "Madam, I have closed the toilet for four days."

Mwalimu alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Akasema kwa ukali, "Where is the key?"

Nikabaki nimemkodolea macho. Yeye anadai ufunguo, mimi nashika tumbo. Wenzangu waliokuwa pale mlangoni wakaangua kicheko, na toka siku hiyo hadi namaliza Kidato cha Nne jina langu lilikuwa Funguo.

Cheka tu. Hata mimi leo nacheka. Lakini mwezi uliofuata sikucheka. Jumatatu usiku nilishikwa na homa. Natetemeka, kichwa kinagonga, viungo vyote vinauma. Jumanne nikanyamaza. Jumatano nikanyamaza. Niliogopa kuchapia tena mbele za watu. Alhamisi asubuhi nikaanguka mstarini. Nilipozinduka nilikuwa zahanati, dripu mkononi, malaria. Mganga akaniuliza kwa Kiswahili safi kabisa: "Mwanangu, mbona umechelewa namna hii?" Sikuwa na la kujibu. Ningemwambiaje kwamba niliona bora niumwe kuliko nichekwe?

Hilo ndilo linalonifanya niandike leo. Malaria inayosababishwa na vimelea vya Plasmodium falciparum, ambayo ndiyo iliyoenea kwetu, inaweza kuwa kali na hata kuua katika saa 24 isipotibiwa. Mimi nilikaa na homa kwa zaidi ya siku mbili kwa ajili ya kuogopa sarufi. Sitaki wewe ufanye hivyo. Kwa hiyo leo tutafanya mambo mawili: tutaona kwa nini sisi wenye Kiswahili tunachapia vitenzi na vihusishi vya Kiingereza, halafu tutaona ufanye nini siku unaumwa na maneno hayaji.

PIGA, SIKIA, UMA

Tuanze na vitenzi. Kiswahili kina vitenzi ambavyo kazi zake ni nyingi mno. Angalia "piga". Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga chafya, tunapiga miayo, na muuguzi anatupiga sindano. Hakuna aliyechapwa hapo! Ila ukienda kwenye kamusi ukaokota "beat" na kusema "The nurse beat me an injection", msikilizaji atadhani muuguzi amekupa kipigo. Kiingereza kina kitenzi chake kwa kila kimoja: "call", "take a photo", "iron", "brush", "sneeze", "yawn", na sindano ni "give". "The nurse gave me an injection."

Vitenzi vya ugonjwa ndivyo vinavyotutega zaidi. Hebu tazama hivi:

Nasikia kizunguzungu. Masikio hayahusiki, kwa hiyo siyo "hear". Sema "I feel dizzy".

Nasikia baridi. Sema "I feel cold" au "I am cold". Ukisema "I have a cold" umesema una mafua, na utapewa dawa ya mafua.

Jino linaniuma. Mbwa na mbu ndio wenye "bite". Jino lako sema "I have toothache" au "My tooth hurts".

Tumbo linaendesha. Hakuna gari hapo, kwa hiyo acha "drive". Sema "I have diarrhoea".

Nimefunga choo. Sasa unajua siyo "close". Ni "I am constipated".

Unasema, dada, hilo neno la mwisho ni gumu, nitalikumbuka vipi nikiwa na maumivu? Sawa. Basi eleza kwa maneno mepesi uliyo nayo: "I have not been to the toilet for four days." Si umeeleweka? Neno likikukimbia, usiokote lingine kwenye kamusi ukalibandika. Zunguka. Eleza kilichotokea.

Na usidhani ni sisi peke yetu wenye kitenzi cha kila kazi. Waingereza nao wana "piga" yao, inaitwa "take". Wana-"take" picha, wana-"take" mtihani, wana-"take" bafu maana yake wanaoga, na wana-"take" dawa. Sisi tunasema kunywa dawa hata kama ni kidonge, wao hawasemi "drink" wala "eat". Ni "take". Hili siyo la mtihani tu. Ukikuta chupa imeandikwa "Not to be taken", usidhani wanakukataza kuibeba. Wanakuambia usiinywe. Anayejua "take" ni "chukua" peke yake ataichukua vizuri, na ataimimina mdomoni.

KISWAHILI HUBEBA MGONGONI

Sasa tuje kwenye vile vineno vidogo: "to", "from", "in", "on", "at", "for", "of", "with", "by". Vihusishi. Hivi ndivyo vinavyotuangusha mitihani, na watu husema eti Waswahili hatuna akili ya vihusishi. Si kweli. Kazi hiyo tunaifanya kila siku, ila tunaifanyia mahali pengine.

Kumbuka somo la mnyambuliko wa vitenzi. Mwalimu wa Kiswahili alikufundisha kauli ya kutendea. Msichana amemkimbia mjomba wake. Msichana amemkimbilia mjomba wake. Umeongeza "li" tu, silabi moja, na habari imegeuka juu chini. Wa kwanza anaogopa nyumba ya mjomba. Wa pili anajua mjomba ndiye atakayemwokoa. Kiingereza kinasema "She ran away from her uncle" na "She ran to her uncle". Kitenzi ni kile kile, kilichobadilika ni kineno kidogo baada yake. Fikiria msichana huyo yuko ofisini anaeleza shida yake kwa mgeni asiyejua Kiswahili. Akikosea kati ya "from" na "to", anaweza kurudishwa kwa mtu yule yule aliyemkimbia.

Mifano mingine: hama na hamia. Tumehama Morogoro ni "We moved from Morogoro". Tumehamia Morogoro ni "We moved to Morogoro". Andika na andikia: "write" na "write to". Omba na ombea: "pray" na "pray for".

Umeona? Kiswahili humbeba mtoto mgongoni, yaani kihusishi kimefungwa ndani ya kitenzi. Kiingereza humshika mtoto mkono, wanatembea wawili. Tatizo letu ni kwamba tunamwona mama tunamsahau mtoto. Tunakariri "suffer", tunakariri "recover", tunakariri "infect", halafu tukifika kwenye sentensi tunamtafutia mtoto wa jirani.

NI, KWA, NA

Kuna viungo vitatu vya Kiswahili ambavyo vinatuchanganya kwa sababu ni vya kazi zote.

Cha kwanza ni "ni" ya mwishoni: nyumbani, shuleni, mezani, hospitalini. Kiswahili kinakuachia mwenyewe kujua kama ni ndani, juu, au pembeni. Kiingereza hakikubali, lazima uchague. Dawa iko mezani: "The medicine is on the table". Watoto wamekaa mezani wanakula: "The children are at the table". Na hili la hospitali likumbuke sana. Kwa Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho tunachofundishwa, "My mother is in hospital" maana yake mama amelazwa. "My mother is at the hospital" maana yake yuko pale tu, labda anafanya kazi au amekwenda kumwona mgonjwa. Ukimwandikia mtu "in hospital" wakati mama amepeleka uji kwa shangazi, utawatia watu presha bure.

Cha pili ni "kwa". Nimekuja kwa basi ni "by bus". Nimejikata kwa wembe ni "with a razor blade". Nimekohoa kwa wiki mbili ni "for two weeks". Amekufa kwa malaria ni "of malaria". Nakwenda kwa daktari ni "to the doctor". "Kwa" moja, watoto watano. Ndiyo maana huwezi kuuliza "kwa" ni nini kwa Kiingereza. Uliza: katika sentensi hii, na kitenzi hiki, inakuwa nini?

Cha tatu ni "na". Ameumwa na mbu ni "bitten by a mosquito". Anaishi na bibi yake ni "lives with his grandmother". Ameolewa na fundi ni "married to a carpenter". Hapo wengi tunaweka "with" kwa mazoea ya "na", na ndipo mwalimu anapopitisha kalamu nyekundu.

KINENO KIDOGO, HATARI KUBWA

Nenda nyumbani ukachukue pakiti yoyote ya dawa. Mara nyingi maelezo ni ya Kiingereza, na wewe uliye sekondari ndiye unayeitwa na bibi: "Hebu njoo unisomee hapa." Huo ni mtihani mkubwa kuliko wa Kidato cha Nne, kwa sababu anayefeli si wewe. Tazama vineno hivi:

"With food": pamoja na chakula. Dawa mseto ya malaria, ALu, ni mfano mzuri. Ukiinywa pamoja na chakula, hasa chenye mafuta kidogo au maziwa, mwili unaifyonza vizuri zaidi.

"On an empty stomach": tumbo likiwa tupu. Usishangazwe na "on", hakuna kitu kinachowekwa juu ya tumbo. Dawa hii inywe kabla hujala.

"For 3 days": siku tatu mfululizo. Hata ukijisikia vizuri siku ya pili, unamaliza.

"In 3 days": baada ya siku tatu. Mganga akikuandikia "Come back in 3 days", anakutaka urudi siku tatu zikishapita. Usichanganye na "within 3 days", ambayo ni kabla siku tatu hazijaisha.

"Until Friday": endelea hadi Ijumaa. "By Friday": Ijumaa ikifika uwe umeshamaliza.

"Dissolve in one litre of water": yeyusha ndani ya lita moja ya maji. Utaikuta kwenye pakiti nyingi za chumvichumvi za kuharisha. Soma kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti yako, maana maji yakiwa machache mchanganyiko unakuwa mkali, na hiyo ni hatari kwa mtoto mdogo.

"For external use only": ya kupaka nje ya mwili tu.

"Keep out of reach of children": weka mahali watoto hawafikii. Mtu akiona "reach" na "children" akaruka "out of", ameelewa kinyume chake.

Kuna na vitenzi ambavyo vikibadilisha mtoto vinabadilisha ukoo mzima. Mwenzenu amezimia michezoni na wewe umeambiwa uandike ujumbe kwa mlezi wake. "He has passed out" maana yake amezimia. "He has passed away" maana yake amefariki. Kitenzi ni "pass" kile kile. Ukikosea hapo, kuna mama ataanguka kule kijijini kabla ya kusoma mstari wa pili.

Vivyo hivyo, "throw up" ni tapika, "throw away" ni tupa. "Put on" ni vaa, "take off" ni vua. "Look after" ni tunza, "look for" ni tafuta. "Give up smoking" ni acha sigara, lakini "give in" ni kukubali yaishe. Marafiki wakikushawishi uvute na wewe hutaki, neno lako ni "I will not give in".

KINENO CHA HESHIMA

Hapa wengine mtaona aibu, lakini ndiyo kazi ya ukurasa huu. Jumamosi ulikwenda kwa rafiki yako kujisomea, usiku ukaingia, ukalala huko. Jumatatu unamweleza mwalimu: "I slept with my friend." Darasa zima linapiga kelele. Kwa nini? Kwa sababu "sleep with" kwa Kiingereza maana yake ni kufanya ngono. Uliyotaka kusema ni "I slept at my friend's house". "At", siyo "with". Na kumbuka upande wa pili: mganga akikuuliza kwa Kiingereza kama kuna mtu uliye-"sleep with", haulizi mambo ya usingizi. Anataka kujua kama unahitaji kupimwa, kwa hiyo mjibu ukweli.

La pili ni namna tunavyowataja wenzetu. Watu wengi huandika kwenye insha "people who suffer from HIV". Sarufi yake haina kosa, "suffer" na "from" ni mtu na mtoto wake. Lakini wenyewe wanapendelea "people living with HIV", watu wanaoishi na VVU. Na wana haki. Mtu anayemeza ARV kila siku anasoma, anafanya kazi, anacheza mpira, anazaa. Virusi vikishuka hadi visionekane kwenye kipimo na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Huyo anaishi. Kwa hiyo kitenzi na kihusishi ulivyochagua vimeonyesha pia unamwonaje.

WASIOTAKA MTOTO

Vipo vitenzi vya Kiingereza ambavyo havitaki kineno chochote, na sisi tunavibebesha kwa nguvu. Tunasema kujadili kuhusu Ukimwi, basi tunaandika "discuss about AIDS". Futa "about": "We discussed AIDS". Vingine ni hivi: "reach the hospital" siyo "reach at", "enter the room" siyo "enter into", "marry her" siyo "marry with her", "phone me" siyo "phone to me". Andika orodha hii ubandike ukutani karibu na kitanda.

USIKARIRI NENO, KARIRI NDOA

Sasa ufanye nini? Kuna Mwingereza mmoja aliyeitwa A. S. Hornby, alikuwa akifundisha Kiingereza Japani. Kijapani nacho hakifanani na Kiingereza: vile vineno vidogo hukaa baada ya nomino, siyo kabla yake. Hornby aliona wanafunzi wanajua maana ya maneno lakini hawajui neno linakwenda na nani. Akatengeneza na wenzake kamusi ya wanaojifunza, iliyotoka Tokyo mwaka 1942, na mwaka 1948 Oxford wakaichapa. Ndiyo baba wa ile kamusi nene ya Oxford iliyoko kwenye maktaba nyingi za shule. Siri yake ni kwamba chini ya kila kitenzi imeandikwa sentensi za mfano, na humo utaona kitenzi kimeshika mkono wa nani. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili inakupa maana. Hii inakupa maana na mwenzi wake. Ukiipata, usiishie mstari wa kwanza, soma mifano.

Kama kamusi hakuna, daftari la kurasa 40 linatosha. Kila ukurasa andika kitenzi au kivumishi pamoja na kineno chake, na sentensi moja ya maisha yako mwenyewe. Anza na hizi za afya:

"suffer from": My brother suffers from asthma.
"die of": Nobody should die of malaria.
"recover from": I have recovered from typhoid.
"infected with": He was infected with worms.
"tested for": I was tested for TB.
"vaccinated against": The baby was vaccinated against measles.
"allergic to": I am allergic to eggs.
"addicted to": Do not become addicted to alcohol.
"afraid of": Do not be afraid of the nurse.

Tatu kwa siku zinatosha. Usiku funika ukurasa, jiulize. Mkiwa wawili bwenini, mmoja ataje kitenzi, mwingine ataje mwenzi wake. Atakayekosa anatandika vitanda vyote viwili asubuhi.

Na usitafute sababu ya kila kimoja, utaumwa kichwa bure. Waingereza wanasema "in a car" lakini "on a bus". Hata wenyewe hawaelewani: Mwingereza anasema "in hospital", Mmarekani anasema "in the hospital". Lugha ni mazoea, kama njia ya mkato inavyotokea kwa watu kupita.

UKIUMWA, SEMA

Nimemaliza sarufi, sasa nisikilize kama dada yako. Zahanati siyo darasa la Kiingereza. Mganga anataka kujua unaumwa wapi, toka lini, na umekula nini. Mweleze kwa Kiswahili, na kama Kiswahili cha mtaani ndicho ulicho nacho, kwa hicho hicho. Hakuna alama zinazokatwa pale.

Shuleni nako, hata kama sheria ni Kiingereza tu, kariri leo sentensi tatu: "I am ill." "I have a fever." "May I go to the dispensary?" Hapo kwenye "fever" weka chochote kinachokusumbua: "a headache", "diarrhoea", "a bad cough". Ukizikosa zote tatu, sema Kiswahili. Wakikuvalisha kibao, vaa. Kufyeka nyasi huponywa na usingizi wa usiku mmoja. Malaria kali haiponywi hivyo.

Na wewe unayecheka mwenzako akichapia, jiulize: kesho akiumwa, atathubutu kusema mbele yako? Wale walioniita Funguo hawakuwa wabaya. Wengine ni rafiki zangu mpaka leo. Hawakujua tu kwamba kicheko kile ndicho kilichonifunga mdomo zile siku mbili.

Walimu wetu wapendwa mnaosoma ukurasa huu, nanyi nina ombi. Mtoto akija ameshika tumbo, msikilizeni kwanza kwa lugha yoyote anayoiweza. Sarufi mtamsahihisha akishapona.

JIPIME MWENYEWE

Jaza nafasi. Usipige chabo majibu.

1. I have been coughing ____ two weeks.
2. She was bitten ____ a dog.
3. Take this medicine ____ an empty stomach.
4. Are you allergic ____ penicillin?
5. The nurse ____ me an injection.
6. We discussed ____ malaria in class.
7. You must finish the tablets ____ Friday. (Ijumaa uwe umeshamaliza.)
8. I ____ a cold. (Una mafua.)

Majibu:

1. "For". Na ukikohoa wiki mbili au zaidi, nenda ukapimwe kifua kikuu.
2. "By". Mbwa akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu wahi hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, karibu kila mara huua.
3. "On".
4. "To". Swali hili mganga akikuuliza, usiitikie tu "yes" au "no" bila kulielewa. Anauliza kama dawa hiyo inakudhuru.
5. "Gave". Aliyeandika "beat" arudi mwanzo.
6. Usijaze kitu.
7. "By".
8. "Have".

Ukipata saba au nane, wewe ni moto wa kuotea mbali. Nne hadi sita, safi, ongeza daftari. Chini ya hapo, usijali: mimi nilianza na choo na ufunguo, na leo ndiye ninayekuandikia. Tukutane toleo lijalo. Mpaka hapo, kunywa maji ya kutosha, kula mboga na matunda, na usifunge choo!